Ukuta Ambao Fundi Baqir Hakuuchora

"Imehama tena!"

Jecha Makungu alikanyaga breki. Probox ikaserereka kwenye changarawe, ikasimama shubiri moja kutoka kwenye shina la mnazi.

Kwenye kiti cha abiria, redio ya Yaesu ilikuwa ikitoa sauti moja nyembamba isiyopumua. Piiiii. Alibonyeza simu ya Kitengo, idara ya siri ya usalama aliyoitumikia.

"Mnara, hapa Changu," alisema, kwa majina yao ya siri.

"Sema, Changu." Sauti ya Bi Riyama, mkuu wake, haikuwa na haraka hata siku moja.

"Boti za doria zimehama chaneli saa tatu na dakika kumi. Kelele ya kuziba redio imezifuata baada ya sekunde nne."

"Nyumba?"

"Nshaipata. Ghorofa ya ukuta mweupe, nje kidogo ya Chwaka. Antena iko juu ya mnara wa tangi la maji."

"Usiingie. Narudia, usiingie."

Jecha aliijua sababu. Ghuba ya Chwaka maji yakitoka hubaki tope na mwani. Leo maji yangejaa saa kumi alasiri, na kwa maji hayo boti tatu za mwendo kasi zingeingia na unga wa kulevya wa kutosha kuua mtaa mzima. Nyumba ikivamiwa mapema, boti zingegeuza. Zikiachwa ziingie, doria isingeweza kuzizunguka bila ya kuzungumza. Na huko baharini simu hazishiki.

Wiki iliyopita, kelele hiyo hiyo ilikuwa hewani wakati boti ya wakulima wa mwani ilipopinduka. Nahodha aliita kwa redio dakika ishirini. Hakuna aliyemsikia. Wakulima wawili waliokuwemo, Bi Mwanapili na mkwewe, walizikwa kaburi kwa kaburi.

"Nipe njia nyengine," alisema Bi Riyama, akakata.

Upepo ulivuma kutoka pwani. Minazi ikayumba.

Na ile sauti kwenye redio ikatetemeka.

Jecha aliganda. Akangoja. Upepo ulipovuma tena, sauti ilitetemeka tena, kidogo tu, kisha ikatulia.

Antena ikitikisika, mtambo mzima unatikisika. Ni mtambo mmoja tu aliowahi kuujua wenye tabia hiyo. Aliuona ukichorwa, mstari kwa mstari, kwenye daftari la jalada jekundu, miaka tisa nyuma.

Kabla hajawaza kazi, aliona haya.

*

Duka la Fundi Baqir Pirbhai liko Mkunazini, kwenye kichochoro ambacho watu wawili wakipishana lazima mmoja ageuke ubavu. Jecha alisimama nje karibu dakika tano. Mtu aliyepata kuruka ukuta wa ubalozi mchana kweupe alishindwa kuvuka kizingiti cha fundi redio.

"N'nani huyo? Jecha? Jecha wangu?"

Mzee alinyanyuka kwa shida. Mikono yake ilikuwa ikitetemeka, lakini ilimkumbatia Jecha kwa nguvu.

"Shikamoo, Fundi."

"Marahaba, mwanangu! Miaka tisa! Zahabiya, njoo umwone nani kaja! Weka chai!"

Zahabiya, bintiye, alitoka nyuma na miwani ya kulehemu kichwani. Sasa alikuwa mhandisi, na ndiye aliyekuwa mikono ya babake. Alitabasamu. "Kaka Jecha. Tulidhani yale mambo yalikutisha ukahama nchi."

"Nilihama kidogo," alijibu Jecha. Alitazama sakafu.

Yale mambo. Miaka tisa nyuma, Jecha alikuwa kijana mgeni Kitengoni, ametumwa dukani hapa kujifunza ufundi bila ya mwenye duka kujua kazi yake. Jioni moja aliunda kirusha mawimbi peke yake kwa siri, kwa kiburi cha kujua nusu. Mawimbi yakapotoka yakaingia kwenye masafa ya ndege. Ndege ya abiria ikakosa kuusikia uwanja kwa dakika tatu. Wachunguzi walipofika, waliukuta mtambo juu ya meza ya fundi. Jecha aliulizwa na wakuu wake: ni wa nani huu?

Alijibu kwa maneno mawili. Wa Fundi.

Miezi minane mzee, asiyejua mtambo umetoka wapi, alikaa ndani. Katika mwezi wa tano mkewe, Bi Banu, alifariki. Hakuruhusiwa kumzika.

"Fundi, nina tatizo," alisema Jecha, na alieleza. Hakusema yeye n'nani hasa. Alisema anaisaidia serikali. Akawachezea sauti aliyoirekodi.

Mzee alifumba macho. Sauti ikatetemeka. Akafumbua.

"Osileta yangu hiyo, moyo wa kuzalisha mawimbi."

"Ndiyo maana nimekuja."

"Kuifanya isimame kwenye masafa yake, rahisi. Kuifanya ihame, rahisi. Kuifanya ihame unapotaka, halafu isimame pale pale kama msumari, jua likiwaka na betri ikipungua, hiyo ilinichukua miaka sita." Alionyesha kwa vidole: koili nene ya waya iliyozungushwa juu ya kigae ili joto lisiitanue, kapasita, vijihifadhi vya umeme, zinazopungua uwezo joto linapopanda, kijisanduku cha kuikinga na upepo. "Daftari langu walilichukua siku ile. Wamempa nani?"

"Sijui, Fundi."

Hilo alikuwa hajui kweli. Lakini alijua nani aliyelifanya lichukuliwe.

Zahabiya alikuwa amekwishachukua karatasi. "Baba, mbona inatikisika na antena? Yako haitikisiki."

Mzee alicheka, kicheko cha mwizi aliyemwona mwizi mwenzake akinaswa. "Kwa sababu baina ya osileta na antena lazima pawe na ukuta. Transista moja ya kupeleka nje tu, isiyoruhusu kitu kurudi ndani. Ukuta huo nilikuwa sijauchora. Nilikuwa niuchore kesho yake." Akaigonga meza kwa kidole. "Kesho yake nilikuwa rumande."

Jecha alikunywa chai. Ilimchoma ulimi, akaendelea kunywa.

"Kwa hivyo mlango uko wazi," alisema Zahabiya polepole. "Osileta isiyo na ukuta, ukiiwekea nyengine yenye nguvu karibu yake, masafa yakikaribiana inaifuata. Kama mwimbaji dhaifu anavyomfuata aliye karibu naye mwenye koo kubwa."

"Ikishashikwa, unaivuta," alisema mzee. "Taratibu. Wenyewe kishale chao kinaonyesha pale pale walipoiweka. Hawajui kitu."

Waliunda kwa saa mbili na nusu. Mzee akisema, Zahabiya akilehemu. Kisanduku kikubwa kama pakiti mbili za majani ya chai, betri ya litiamu, antena ya shubiri, gurudumu moja la kugeuza. Na ukuta ndani yake.

"Nakwenda naye," alisema Zahabiya. "Sikio lake limelala miaka tisa. Atahitaji langu."

Mlangoni mzee alimshika Jecha mkono. "Banu alikuwa akikuulizia mpaka mwisho. Akisema, wamemfanya nini yule kijana."

*

Saa tisa u nusu. Chwaka.

Kitengo kilikuwa kimefunga bomba la nyumba ile tangu adhuhuri. Jecha alifika getini na ovaroli, mkoba wa spana, na kisanduku ndani ya mkoba. Chini ya spana, bastola ya Glock.

"Fundi wa maji."

"Umechelewa," alisema mlinzi, akamfungulia.

Ngazi ya chuma. Mita tisa. Juu, nyuma ya tangi, antena ilisimama kama fimbo. Jecha alikifunga kisanduku kwenye nguzo yake, akapachika vipokea sauti masikioni, kimoja cha kisanduku, kimoja cha simu. Simu ilikuwa wazi mfukoni.

"Nakusikia," alisema Zahabiya kutoka kwenye Probox, nyuma ya msikiti, redio mapajani. "Washa."

Aliwasha. Masikioni zikaingia sauti mbili, zikigombana. Wuwuwuwuwu.

"Uko juu. Shuka. Kushoto."

Aligeuza. Wuu. Wuu. Wuu.

"Unakaribia. Usiwe na pupa."

Wuuu... wuuuu...

Kimya. Sauti mbili zilikuwa moja.

"Umeishika," alinong'ona Zahabiya. "Sasa vuta. Unywele kwa unywele. Ukikimbia itakuponyoka."

Huko nje, ng'ambo ya mstari wa povu, Jecha aliona alama tatu nyeupe juu ya maji. Boti. Aligeuza gurudumu kwa ncha ya kidole.

"Weka mikono niione."

Mtu alikuwa kwenye kilele cha ngazi, kiunoni kwenda juu, bastola mkononi. Ndevu za mvi, kofia ya viua. Jecha alimjua papo hapo. Ubwa. Mtunza ghala la vielelezo la Kitengo, aliyestaafu miaka mitatu nyuma.

Daftari la jalada jekundu. Sasa alijua.

"Jecha Makungu," alisema Ubwa kwa sauti ya chini. "Fundi wa maji, eti."

Hakupiga kelele. Aliwaapia matajiri wake wa kigeni kwamba mtambo hauna kasoro. Wakijua una tundu, yeye ndiye angekuwa wa kwanza kufa.

"Uliiba daftari," alisema Jecha. Kidole chake hakikuacha gurudumu.

"Nani kaiba? Wewe ndiye uliyeniletea. Nilisoma jalada lote la kesi, yakhe. Saa uliyotoka dukani, alama za vidole zilizofutwa vibaya. Nikajua mtambo ule si wa mzee. Nikakaa kimya, nikasema siku moja itanifaa." Alitabasamu. "Zima hilo dude, shuka, nenda zako. Mimi mdomo wangu umeshonwa. Ukinikamata, nitasema mahakamani mbele ya watu."

Jecha aliikumbuka simu mfukoni. Ilikuwa wazi.

Zahabiya alikuwa akisikia yote.

Angeweza kusema uongo. Alikuwa na maneno tayari. Kazi yake ilimfundisha kuwa nayo tayari daima. Mwongo, mzee huyu. Anabahatisha. Maneno mepesi kama hayo aliwahi kuyatumia, na mwanamke alikufa akimuulizia.

"Sema," alisema Jecha. "Niliuunda mimi. Fundi Baqir hakuugusa. Nilimsingizia kwa kuogopa kazi."

Ubwa alikunja uso. Hakulitarajia.

Masikioni, upande wa simu, pumzi ya mtu iliingia ikakaa. Sekunde moja. Mbili. Tano.

Kisha sauti ya Zahabiya, kavu kama gamba:

"Unateleza. Rudi kulia kidogo. Vuta."

Alivuta.

"Vuta."

Ubwa aliinua bastola. Jecha alirusha spana kwa mkono wa kushoto. Ilimpata kwenye kifundo cha mkono; bastola ikaruka, ikalia chini kwenye saruji. Ubwa alitaka kushuka, Jecha alimshika ukosi, akamburuta juu, akambana kwa goti kifuani. Aliitoa Glock mkobani kwa mkono wa kushoto, akaiweka chini ya kidevu cha Ubwa.

Mkono wa kulia ulirudi kwenye gurudumu.

Na hapo, kwenye Yaesu iliyokuwa mapajani mwa Zahabiya, kwa mara ya kwanza tangu asubuhi, mtu alizungumza.

"Doria Moja kwa Doria Mbili. Nakusikia vizuri. Funga mlango wa kaskazini."

"Doria Mbili. Nafunga."

Ilichukua dakika kumi na moja. Getini magari ya Kitengo yaliingia bila king'ora. Chumba cha redio kilikutwa na wageni watatu wameketi, kishale cha mtambo wao kikiwaonyesha kuwa mambo ni shwari.

"Wameshika boti zote tatu," alisema Zahabiya. Kisha akakata simu.

Jecha aliposhuka na kufika nyuma ya msikiti, Probox ilikuwa tupu. Funguo zilikuwa juu ya kiti. Zahabiya alikuwa amekwenda zake kwa miguu, stendi.

*

Asubuhi yake alikwenda Mkunazini kabla duka halijafunguliwa. Mzee alikuwa amekaa barazani peke yake. Jecha hakukaa.

"Zahabiya kakwambia?"

"Kaniambia nikuulize mwenyewe."

Jecha alisema yote. Hakusema alikuwa mdogo. Hakusema aliogopa. Alisema alichofanya, kwa mpangilio, kama ripoti. Wapita njia wawili walisimama wakasikiliza, hakushusha sauti.

Mzee alikunja mikono juu ya magoti yake.

"Miaka tisa," alisema, "nimekuwa nikikuombea dua. Baada ya kila sala. Nilidhani walikuumiza." Alitazama mlango wa duka. "Ungenambia wewe siku ile, ningelisema mtambo ni wangu. Ningelisema kwa hiari yangu. Banu angelijua kwa nini nimeondoka."

Jecha alifungua mdomo; mzee akainua kiganja.

"Usiniombe msamaha leo. Sina. Nenda kaandike, utie saini, iingie kwenye jalada lenye jina langu. Halafu mimi na binti yangu tutaona."

"Naam, Fundi."

"Na usiniite Fundi."

*

Bi Riyama aliisoma karatasi mara mbili. Dirisha lake linatazama bustani ya Forodhani, ambako wafagiaji walikuwa wakikusanya vijiti vya mishikaki ya jana.

"Jana umenipa watu kumi na mmoja, Ubwa akiwemo," alisema. "Leo unanipa wa kumi na mbili."

"Naam, Bi."

"Unajua ikitoka chumba hiki hairudi?"

"Ndiyo maana nimeleta nakala mbili. Moja ishakwenda kwa mwendesha mashitaka."

Bi Riyama aliikunja karatasi. Hakuwa mwanamke wa kusikitika, na hakusikitika. Alinyoosha kiganja. Jecha aliweka Glock juu ya meza, magazini pembeni, kisha kitambulisho.

"Usitoke mjini."

"Sitoki."

Alishuka ngazi bila haraka. Mlangoni, askari kijana aliyekwishapata habari za Chwaka alikakamaa, akampigia saluti kubwa.

Jecha hakuipokea. Alipita, akaingia juani.