Samaki Asiyejua Habari za Pua

Samaki-mlinzi alizunguka tangi la darini, akafyonza maji machafu na kuyatema yakiwa safi. Kisha sauti yake ikasikika kwenye bomba la jikoni: "Maji salama kwa kunywa." Alikuwa wa chuma, mwembamba kama kidole, na aliyemtengeneza ni fundi Shamsa, bi mdogo wa Maulidi. Tangu samaki hao waingie matangini, mji wa Tabora ulisahau kipindupindu.

Bi mkubwa, Mwamvua, alikaa ghorofa ya chini. Yeye bado alichemsha maji yake. Sifa za samaki alizivumilia zote. Kilichomchoma ni udhu. Hata siku za zamu yake, Maulidi alipanda kwa Shamsa kutawadha, akipandisha maji puani kwa nguvu mpaka machozi yamtoke.

"Kwani maji yangu yana nini?"

"Hayana neno, mke wangu. Ila yale yana akili."

Akili! Tangu hapo Mwamvua akawa anayatazama maji hayo.

Siku moja mchana alipanda darini kuchungulia. Jua lilikuwa limeyapasha maji yakawa vuguvugu, na ukuta wa tangi ulikuwa na utelezi. Akamuuliza samaki, "Haya ni salama kwa kunywa?"

"Salama."

"Na kuyapandisha puani?"

"Swali halieleweki."

Akashuka kwa mke mwenzake. "Bi mdogo, tangi lako lina utelezi."

Shamsa alicheka. "Bi mkubwa, sema tu unataka mume arudi kwenye ndoo yako."

Lile la pua Mwamvua alikuwa nalo mdomoni. Akalimeza. Mwache aje aaibike mbele ya mumewe, alijisemea. Alidhani ni mafua tu yatakayokuja.

Wiki ile ile Maulidi alishikwa na maumivu ya kichwa, shingo ikakakamaa, akawa anaongea na marehemu mama yake. Hospitalini daktari aliwaeleza: kwenye maji ya uvuguvugu huishi ameba, kijidudu kinachokula bakteria wa utelezini. Ukikinywa hakidhuru. Kikipanda puani, hufuata neva mpaka kwenye ubongo. Dawa wamempa, lakini wengi hawaponi.

Shamsa alifungua simu, akaamuru samaki wote wa mji wafunge mabomba. Kisha akakaa kwenye benchi.

"Samaki nilimfundisha habari za kinywa. Za pua sikumfundisha."

"Mimi nilimuuliza," alisema Mwamvua. "Akashindwa kujibu."

Shamsa akageuka. "Lini?"

"Siku ile niliyokuja kwako."

"Mbona hukuniambia?"

"Ungesema nina wivu."

"Ulikuwa nao?"

"Nilikuwa nao."

Mlango ukafunguliwa. Muuguzi akatazama benchi. "Mke wa Maulidi ni nani?"

Miaka yote wawili hao walishindana kuitika jina hilo. Sasa kila mmoja alimtazama mwenzake, na hakuna aliyetaka kutangulia kusimama.