Boga la Alden

Jua likiwa linazama, Lorna alikwenda bandani kuchukua kuni za usiku, akakuta kazi imekwisha.

Kuni alizozipasua asubuhi na kuziacha zimetapakaa chini zilikuwa zimepangwa ukutani, safu juu ya safu. Yeye alishinda upande wa pili wa nyumba akikusanya majani makavu kwa reki. Mama mkwe wake, Idella, hata kuinua birika ni mpaka agune. Hattie, binti wa Lorna, ana miaka sita.

Mtu mwingine hakuwepo. Alden, mumewe, walimzika Machi, ardhi ikiwa bado ngumu kwa barafu.

Bandani mlinukia udongo mbichi. Lorna alibeba kuni mbili tatu, akarudi mbiombio.

Kwenye ngazi za mbele maboga yalikuwa yamewashwa. Bonde zima lina desturi hiyo: usiku wa mwisho wa Oktoba kila mwenye pumzi huchongewa boga lake, hutiwa mshumaa, huwekwa likitazama barabara. Wasio na pumzi, wanaopita usiku huo, wazee husema, huhesabu vichwa. Wakikuta kimoja kimezidi, wanajua pana nafasi ya mmoja wao, yeyote yule. Na boga likivunjwa usiku huo, mwenyewe huondoka nalo. Mwaka huu Lorna hakuwa na moyo wa kuchonga, akawaachia bibi na mjukuu.

Palikuwa na boga dogo la Hattie. Na makubwa matatu.

Aliingia jikoni. Idella alikuwa kwenye kiti chake karibu na jiko, mikono imejaa utumbo wa maboga, mbegu zimetapakaa mezani mbele ya Hattie.

"Hattie, boga la nne la nani?"

"La baba," mtoto akanong'ona. "Nilichora macho, Bibi akakata."

Lorna alimgeukia Idella. "Mama, si wewe uliyenionya, mwaka ule nilioolewa, kwamba la ziada haliwekwi?"

"Najua nilichokuonya." Idella hakuinua macho. "Wewe bado kijana, mume utapata. Mimi mtoto nitampata wapi?"

"Usiseme hivyo mbele yake."

"Umetoka bandani. Kuni umeziona. Nani mwingine wa kutupangia?"

Lorna alitamani kuamini. Miezi yote hii alikuwa akilala upande wake wa kitanda, ule mwingine hauguswi. Alizitazama kuni alizozibeba, akakumbuka zile safu, na tamaa ile ikamtoka.

"Magome yalikuwa chini, Mama."

Idella aliacha kuchambua mbegu.

Alden alipanga magome juu, siku zote, ili mvua iteleze. Mwaka wao wa kwanza alimbomolesha Lorna ukuta mzima wa kuni kwa kosa hilo, akimtania kuwa mke wa mjini hupanga kuni kama vitabu.

"Pengine kasahau," Idella akasema polepole.

"Alden asahau?"

Nje, bandani, kitu kiligonga.

Tok...

Tok...

Kuni juu ya kuni. Kisha kimya. Kisha majani makavu yakaanza kulia, polepole, kuja upande wa nyumba.

Lorna aliufungua mlango wa mbele. "Lipi lake? Mama, nakuomba. Lipi?"

Idella alimtazama Hattie kwanza, muda mrefu. Halafu akamtazama Lorna.

"Lenye jino moja."

Lorna alilinyanyua kwa mikono miwili, likiwa bado lina joto la mshumaa, akalibamiza kwenye jiwe la ngazi. Lilipasuka. Mshumaa ukazimika.

Majani yaliacha kulia.

Alishusha pumzi, machozi yakamtoka. Hattie alikuwa amesimama mlangoni, kidole mdomoni.

"Mama... hilo lilikuwa la Bibi."

Idella alikuwa kitini palepale, uso umeelekea mlango wa nyuma, kama mtu anayengoja mgeni aliyekwisha kubisha. Kifua hakikupanda. Hakikushuka.

Lorna aligeukia ngazi. Yalibaki matatu: dogo la mtoto, na mawili makubwa yenye macho yaleyale, mdomo uleule.

"Hattie, mwanangu. La baba lipi? Langu lipi?"

"Sijui. Bibi alisema yafanane, ili mkae pamoja."

Nyuma ya nyumba, kitasa kiligeuka. Hatua nzito zikaingia jikoni. Mlango wa jiko ukalia, kuni ikasukumwa motoni, na harufu ya udongo mbichi ikatoka mpaka kizingitini.

Mtu akakohoa. Kikohozi cha Alden kabisa.

"Baba!"

Lorna alinyoosha mkono kumdaka, akakosa. Mtoto alikwisha kukimbilia ndani.

Maboga mawili yalimtazama kwa uso mmoja. Akainua mguu juu ya moja. Akauhamishia juu ya jingine. Akaushusha chini, bila kuvunja lolote.

Ndani, Hattie alikuwa anacheka.