Wasioliliwa

Nilikwenda kufuata kamba tu.

Jua lilikuwa linazama. Stuli ya mteja ilikuwa imebaki mistari michache ya kusuka, naye aliitaka asubuhi, na duka la kamba lilikuwa limeshafungwa. Nikajiambia, si mbali, ngoja nikimbie kwa Mwalimu nikaombe kipande. Nikavaa ndala, nikatoka. Hata mlango niliurudishia tu, sikufunga kwa ufunguo.

Mimi nilikuwa muuguzi wa wodi ya wazazi. Mtaa mzima unaniita Sista, hata wazee walionizidi umri. Nusu ya vijana wa hapa nimewapokea kwa mikono hii, wanateleza kama sabuni, wanapiga kelele kana kwamba mimi ndiye niliyewakosea. Siku ya kustaafu walinipa keki na hotuba ndefu. Mume wangu, fundi seremala, alikuwa amekaa viti vya nyuma. Akaninong'oneza tulipokuwa tunatoka, “Haya, sasa na mimi nitakuwa na mke.”

Hakuwa naye muda mrefu. Kifua chake kilikuwa kibovu siku zote, vumbi la mbao halina huruma. Alfajiri moja kilimbana, na mimi niliyeokoa wake za watu nikabaki kumshika mkono.

Baada ya mazishi nyumba ilinyamaza. Sikuwa na zamu ya kuwahi wala mtu wa kumpikia. Nilikuwa naamka, nakaa ukingoni mwa kitanda, nashtukia ni mchana.

Aliyenitoa humo ni shoga yangu wa ukuta wa pili, mstaafu wa posta. Yeye alimzika bintiye wa pekee, aliyekufa ajalini. Mtoto huyo tulimwita Kidoti kwa sababu ya doa jeusi shavuni, na hilo doa mimi ndiye niliyeliona kwanza, maana nilimpokea mimi. Shoga yangu alilia mpaka tukaogopa atapofuka. Kisha ghafla nikaanza kumwona anacheka. Kucha zimepakwa rangi. Amenenepa.

“Shoga, umekunywa dawa gani?”

“Twende kwa Mwalimu,” akasema. “Anafundisha kusuka viti vya kamba. Utapona, we twende tu.”

Mwalimu alikuwa mgeni mtaani, amepanga nyumba ya mwisho, yenye geti lililoliwa na kutu. Mwanamke mrefu, sauti ya chini, vidole vya baridi. Chumba chake kilinukia mbao. Ila chini ya harufu ya mbao kulikuwa na nyingine... ile ya chumba alicholazwa mgonjwa muda mrefu bila dirisha kufunguliwa. Mimi harufu hiyo naijua. Niliipuuza.

Siku ya kwanza hakunipa kamba. Alinikalisha, akaniuliza, “Nani amekuuma moyo?”

“Mume wangu.”

“Basi mlilie hapa. Kwa mara ya mwisho.”

Nililia. Akanifuta machozi kwa kitambaa cheupe, polepole, hakuacha hata tone, kama mtu anayezoa mafuta yaliyomwagika. Akakikunja.

“Yaliyobaki niachie mimi.”

Usiku huo nililala fofofo.

Na kweli nilipona, jamani. Mikono iliyozoea kushona majeraha haikusumbuka na mafundo ya kamba. Kabla msimu haujaisha watu walikuwa wananiagiza stuli, wananiita fundi. Mimi, fundi! Kijana wangu alipopiga simu kwamba Jumapili tukasafishe kaburi la baba yake, nikamwambia nina kazi za watu.

“Mama, uko sawa kweli?”

“Sijawahi kuwa sawa hivi, mwanangu.”

Sikumdanganya. Nilipojaribu kuukumbuka uso wa baba yake nilipata shati lake tu, na shati nalo halikuniambia kitu.

Fremu za stuli zilitoka chumba cha nyuma, kule kwenye pazia zito. Tukisuka, tulisikia randa ikipita juu ya mbao. “Mafundi wangu,” Mwalimu alikuwa akisema. Hatukuwahi kuwaona wakiingia. Hatukuwahi kuwaona wakitoka. Nani aulize? Tulikuwa na furaha.

Sasa, jioni hiyo ya kamba, geti lilikuwa wazi.

“Hodi!”

Kimya.

“Hodi, Mwalimu!”

Nikaingia. Sebuleni giza lilikuwa limeshatangulia. Stuli zilipangwa moja juu ya nyingine hadi karibu na dari. Kamba zilikuwa pembeni, nikainama kuchukua.

Nyuma ya pazia randa ilikuwa inapita. Shwaaa... shwaaa... shwaaa...

Kisha mtu akakohoa.

Kikohozi kimoja kizito. Kimya. Halafu viwili vidogo, kama mtu anayebisha mlango na hataki kusumbua.

Kifua hicho nilikilalia maisha yangu yote ya ndoa.

Nikasogea. Nikashika pazia. Lilikuwa na unyevu.

Nikalifunua.

Walikuwa wamesimama pande mbili za meza ndefu, hawana taa, vumbi la mbao limewafunika mpaka kope. Huyu anakata, yule anapiga randa, mwingine anapaka gundi. Hakuna aliyegeuka. Kazi yangu yote ilikuwa kutazama vifua vya watu vikipanda na kushuka. Vifua vile havikupanda. Havikushuka.

Wa karibu na dirisha alikuwa mume wangu.

Akakohoa tena, na kifua hakikutikisika.

Pembeni yake msichana alikuwa anasugua mguu wa stuli kwa msasa. Ncha za vidole vyake zilikuwa zimelika. Vumbi lilimjaa usoni, ila shavuni palikuwa na doa jeusi.

Kidoti.

Lakini nikwambie kilichonitisha zaidi. Sikuhisi kitu. Nilimtazama mume wangu kama unavyomtazama mtu aliye mbele yako kwenye foleni. Nikayatafuta machozi. Macho yalikuwa makavu kama msasa ule ule.

“Sista.”

Mnong'ono, sikioni kabisa. Sikusikia nyayo zake.

“Umemfanya nini?” nikamuuliza Mwalimu.

“Mimi? Umemleta wewe.” Hakuwa na hasira hata kidogo. “Mtu anayeliliwa ana kwao. Asiyeliliwa anazurura, na mimi nampa kazi.”

“Nirudishie.”

“Yeye haumwi.”

“Machozi yangu. Nirudishie.”

Akanyoosha kidole juu. Kulikuwa na kamba imetoka ukuta hadi ukuta, na vitambaa vyeupe vimeanikwa. Vyote vimelowa chepechepe, na hakuna kilichokuwa kikidondosha tone.

“Chukua,” akanong'ona. “Sikuzuii. Ila fikiri. Hutalala. Mikono itakutetemeka. Watu wanakuita fundi, Sista. Unataka kurudi kule ukingoni mwa kitanda?”

Nilisita. Kweli nilisita. Nilikuwa nimepata maisha mengine, na matamu.

Mume wangu akaacha randa kidogo, akapitisha kidole gumba kwenye ukingo wa ubao kutafuta miba. Akarudia. Hata huko alikotiwa, hakutaka stuli imchome mtu.

Nikaanza kuvishika vitambaa. Kipi changu? Vyote sawa. Basi nikanusa, kimoja kimoja, vyote vinanuka chumvi... mpaka nikafika kimoja chenye gundi ya mbao na sabuni ya hospitali. Mimi na yeye.

Nikakibandika usoni.

Nimewaona wanawake wengi wakishikwa na uchungu. Jioni ile nilishikwa mimi. Ulianzia kiunoni, ukapanda, ukanikunja mara mbili, na sauti iliyonitoka sikuijua. Uso wake ulirudi. Sauti yake, miguu yake ya baridi chini ya shuka, alfajiri ile na mkono wake ukilegea ndani ya wangu. Vyote kwa pamoja.

Randa ikanyamaza.

Akainua kichwa. Vumbi likamdondoka kwenye kope, akaniona.

“Sista,” akasema. “Nimechoka.”

“Nenda,” nikamwambia. “Nenda kapumzike, baba.”

Randa ikaanguka sakafuni. Pale alipokuwa amesimama hapakuwa na mtu, maranda ya mbao tu yalikuwa yakizunguka hewani kama kuna upepo. Hapakuwa na upepo.

Wengine hawakuinua macho. Wakaendelea.

Nikamrukia Kidoti, nikamshika mkono. Ulikuwa laini, laini vibaya, kama ubao uliosuguliwa siku nyingi. “Kidoti, mama, ni mimi!” Msasa haukusimama. Nikageukia vitambaa nitafute cha mama yake. Mwalimu alikuwa ameshaishusha kamba, anavikunja kimoja kimoja kifuani pake.

“Hivyo si vyako,” akasema.

Akasogea pembeni, akanipisha.

Hakunifukuza wala hakunitisha, alinipisha tu, na mpaka leo ndilo jambo linaloninyima usingizi.

Nilitoka mbio nikipiga mayowe, nikaanguka barabarani. Majirani walikuja na tochi, kinyozi wa pale kona akiwa mbele na kitambaa cha mteja bado begani. Wakaingia. Wakatoka. Walichoona ni meza, vifaa na maranda. Mwalimu akawapa maji ya kunipa. “Maskini,” akawaambia, “msiba umempanda kichwani.” Watu wakatikisa vichwa. Hata mimi ningetikisa.

Kinyozi peke yake ndiye aliyenisindikiza hadi mlangoni kwangu. Akaangalia nyuma, akaangalia tena.

“Sista... ile randa iliyokuwa chini. Niliiokota. Ilikuwa ya moto.”

Tangu siku hiyo hajazungumzia tena, na akipita nyumba ile anavuka barabara.

Jumapili iliyofuata nilikwenda kaburini na kijana wangu. Nililia hadi nikakaa chini, naye akalia, kumbe alikuwa ananisubiri mimi nianze. Stuli bado nasuka, nyumbani kwangu, fremu nanunua kwa maseremala wenye pumzi. Siku nyingine mikono inatetemeka, mstari unapinda, naufumua naanza upya. Wafiwa walianza kuja mmoja mmoja, wajane, wastaafu, baba mmoja aliyekuwa dereva wa lori. Tunasuka. Anayetaka kulia analia, na humu ndani hakuna anayemfuta mwenzake machozi. Mtu anajifuta mwenyewe, anaondoka na yake. Sijapona kama nilivyopona kule. Lakini asubuhi naamka najua ni asubuhi, na najua namkosa nani.

Ningeweza kukomea hapo. Ila yupo shoga yangu.

Nilimwendea siku ile ile niliyotoka kaburini. Nikamkuta anapaka rangi kucha, redio inaimba. Nikamweleza yote, taratibu, kama tulivyokuwa tunawaeleza wazazi habari mbaya. Alinisikiliza anapuliza kucha zikauke.

“Shoga, twende tukachukue kitambaa chako,” nikamwambia. “Yuko kule. Vidole vyake vimekwisha.”

“Vidole vya nani?”

“Vya Kidoti.”

Akanitazama. Akatabasamu, tabasamu la mtu asiyetaka kukuaibisha.

“Kidoti yupi, mwenzangu?”

Ukutani nyuma yake kulikuwa na alama ya mraba, pameng'aa kuliko sehemu nyingine, pale ilipokuwa picha ya msichana yule akihitimu.

Nilirudi tena na tena, jibu ni lile lile. Sasa akiniona namkaribia anaongeza sauti ya redio. Mwalimu yupo, hakuhama. Tukikutana ananisalimia vizuri kabisa, na darasa lake limejaa.

Kwa hiyo jioni, watu wakishaingia ndani, nakaa dirishani upande wa nyumba ile na namlilia Kidoti. Simlilii kwa kujilazimisha. Nilikuwa mtu wa kwanza kumshika duniani, nadhani hilo linanipa haki kidogo. Sijui kama machozi ya jirani yanatosha. Hakuna wa kumuuliza.

Ila nasikia. Kutoka mwisho wa mtaa, chini ya kelele za mbwa na redio za watu, nasikia msasa.

Nikilia, unanyamaza.

Nikitulia kuvuta pumzi... unaanza.