Kibuyu Kilichorudishwa Keza

Siku ya gulio pale Benaco, mwaka mmoja baada ya wanajeshi kupindua serikali kule Burundi, Auleria alikuwa akiuza ndizi, kitenge chake cha njano kimemganda mgongoni kwa jasho. Kijana mwembamba mwenye shati jeupe la mtumba akasimama mbele yake.

"Dada, mkungu huu unauuza au unauonyesha tu?"

"Nauza kwa wanaonunua. Wenye maneno wanapita."

Hakupita. Alikuwa Niyonzima, mkimbizi kutoka Burundi, mwalimu wa watoto kambini. Kila gulio akaja, mpaka wauzaji wakamwita mwalimu wa ndizi.

Sasa, kambini kulikuwa na chama. Kilianza na watu tisa chini ya turubai. Masika yalipokwisha, kofia zake nyekundu zilikuwa kila mahali. Kilisema ardhi ni ya anayelima, na waliopindua watapinduliwa. Mahari nayo, kilisema, ni ukabaila.

"Chama kitatuoza, mpenzi," Niyonzima alimwambia. "Sisi hatununui wanawake."

"Nani kakuambia nauzwa? Lete pombe ya posa nyumbani, na ndugu wa kukusemea."

"Ndugu zangu waliuawa wote, Auleria."

Niyonzima akashusha sauti. "Jumatano wanasoma majina ya kuvuka mpaka kupigana. Mwenye mchumba anaachwa hadi mwisho."

"Basi lete wenzako. Jumapili."

Habari ya majina Auleria hakumwambia mama yake. Aliogopa atamkataa mtu wa vita. Mabinti mnaonisikiliza, hapo ndipo alipokosea.

Jumapili baada ya misa wakafika Keza, kijijini kwa kina Auleria, Niyonzima na wenzake wanne wenye kofia nyekundu na kibuyu cha pombe ya ndizi. Mama yake Auleria, Mama Ernesta, akasimama mlangoni.

"Shikamoo, mama," alisema Niyonzima.

"Marahaba. Baba yako mdogo yuko wapi? Shangazi?"

"Hawa ndio ndugu zangu."

"Hawa ni chama, mwanangu. Ukimpiga binti yangu nitamshitakia nani? Kofia?"

Wenzake wakacheka. Yeye hakucheka. Auleria alikuwa nyuma ya mlango, anasikia kila neno, lakini binti anayeposwa hatoki mpaka aitwe. Hakuitwa. Kibuyu kikarudi kimejaa, posa imekataliwa.

Jioni ile akamweleza mama yake yote, analia.

"Ungeniambia jana," alisema Mama Ernesta, na hakula.

Kesho yake akakamua ndizi za pombe yake mwenyewe, lakini pombe haiivi kwa siku moja. Alhamisi ndipo walipoingia kambini, mama mbele na kibuyu chake mwenyewe, binti nyuma. Chini ya turubai vijana wapya walipanga foleni kuandikishwa. Niyonzima alikuwa amevuka mpaka tangu alfajiri.



"Ndugu zake wako wapi?" akauliza Mama Ernesta.

Wale wanne wakavua kofia. "Sisi hapa, mama."

Akatua kibuyu chini, akatia mirija, akaketi kunywa nao. Kisha akageuka.

"Auleria," akaita. "Njoo."