Maji Ndani ya Kipimamvua

Kila siku saa tatu asubuhi Bhoke wa darasa la sita alichukua daftari, akafungua uzio mdogo nyuma ya shule na kusoma kipimamvua. Wakulima wa pamba wa kijiji chao, nje kidogo ya Bunda, waliitegemea kalamu yake. Kila kilo waliyouza ilichangia shilingi chache katika Mfuko wa Ukame, na kiwanda cha pamba kiliongeza kiasi hichohicho. Mvua ya Februari isipofika milimita sitini, Mfuko ungewapa wanachama unga na mbegu za mtama, bila kubembeleza mtu.

Siku ya mwisho ya mwezi kipimo kilikuwa kikavu. Jumla ilibaki hamsini na mbili. Kwa hiyo hata mzee Nyamhanga angepata.

Bhoke alimchukia mzee huyo, na tusimwonee, sababu alikuwa nayo. Mwaka uliopita dume lao la ng'ombe, la kulimia, liliingia kwenye pamba ya Nyamhanga. Akalifungia siku tatu bila maji, akidai fidia, mpaka likafa. Mama yake Bhoke akakosa cha kulimia, akaacha pamba, akatoka kwenye Mfuko.

“Na wewe shinda njaa,” Bhoke alinong'ona. Akamimina maji ya chupa yake mpaka mstari wa kumi na tano, akaandika. Siku hiyo hata uji wa shule ulikuwa mtamu.

Jioni kwenye mkutano, bwana shamba Stanslaus alisoma jumla: sitini na saba. Hakuna malipo.

“Mvua gani hiyo?” aliuliza bibi yake Gati, rafiki wa Bhoke. “Ghala langu ni tupu. Huyo mtoto kakosea.”

Bhoke hakuwa amemfikiria bibi huyo hata kidogo. Wengine wakataka daftari litupwe. Ndipo Nyamhanga akasimama.

“Mimi na mama yake hatusalimianaga, mnajua. Lakini huyu mtoto namwonaga kila siku, hata Jumapili. Haandikagi uongo. Akisema imenyesha, imenyesha.”

Heri angemtukana. Bhoke alisimama.

“Maji kwenye kipimo nilimimina mimi. Nilitaka ulale njaa, kwa sababu ya dume letu.”

Nyamhanga aliangalia chini. “Lile dume nililiua mimi,” alisema. “Nitamlimia mama yako mpaka apate lingine.”

Hasira ya Bhoke ilikuwa bado ipo. Mwalimu Agness wa shule yao alimpa kalamu.

“Kosa la Nyamhanga ungelileta hapa, tungelisikiliza,” alisema. “Lakini kipimo hiki ni cha watu wote. Ulimlenga mtu mmoja, ukampata bibi yake Gati. Kata hiyo namba, uandike ya kweli.”

Bhoke aliandika sifuri mbele ya wote, na bwana shamba akasaini pembeni ili watu walipwe.