Sindano za Shangazi Zuwena

Kila asubuhi Semeni alifagia ua, akachota maji, kisha akapiga pasi sare yake ya shule. Nyumba yao ya Makorora ilikuwa na soketi moja tu nzima, nayo ilikuwa ya friji. Mama alimruhusu kuichomoa friji kwa dakika chache, mradi airudishe akimaliza.

Siku hizo Shangazi Zuwena, dada yake baba, alikuwa amekuja kutoka Pangani na kiboksi cheupe cha dawa, akakiweka ndani ya friji hiyo. "Hiki kisiguswe," alisema. Kila magharibi jirani yao, nesi Beatrisi, alikuja kumchoma sindano ya tumboni.

Semeni hakuelewa. Shangazi hakuwa na homa wala kikohozi. Siku moja alimsikia akimnong'oneza mama, "Daktari wa Dar es Salaam anataka mayai kama kumi hivi. Mtoto ataanzia kwenye chupa." Mayai kumi? Si yamejaa dukani kwa Uweso? Alipomuuliza rafiki yake Queen, ndiyo kwanza akazidi kuchanganyikiwa.

"Mtoto wa chupa huyo," Queen alisema kwa uhakika. "Wanakulia humo humo. Wengine hawana hata kitovu!"

Kutwa nzima Semeni aliwaza mtoto aliyekunjwa ndani ya chupa ya soda.

Jumatano moja alichelewa. Alipiga pasi mbiombio, akanyakua mkoba, akakimbia. Aliporudi alasiri alikuta maji yametapakaa sakafuni na waya wa friji umelala juu ya meza. Wakubwa wote walikuwa msibani Ngamiani tangu asubuhi. Alikishika kile kiboksi: vuguvugu.

Aliichomeka friji, akadeki, akaanika tambara. Pengine haidhuru, alijiambia. Dawa yenyewe hakujua ni ya nini. Atajuaje ameharibu nini? Lakini kila mara alirudi kukigusa kile kiboksi.

Magharibi Beatrisi alifika.

"Shikamoo."

"Marahaba, Semeni. Mbona umenywea hivyo?"

Semeni alimpisha mlangoni. Shangazi alijilaza kwenye kochi. Beatrisi akavuta dawa. Shangazi akafumba macho, akasema, "Bismillahi."

"Usimchome!" Semeni alipiga kelele. "Friji ilizima kutwa. Ni mimi, nilisahau kuichomeka. Dawa imepata joto."

Shangazi aliinuka taratibu. "Miaka tisa, Semeni," alisema kwa sauti ndogo. "Miaka tisa nimezingoja siku hizi."

Semeni aliangua kilio, na bado hakujua shangazi alikuwa akingoja nini.

Beatrisi alikwisha kumpigia daktari. Jibu lilikuwa fupi: dawa hizo zisitumike tena, na sindano ya leo isikose. Nesi akapanda baiskeli yake. Maduka mawili ya dawa hayakuwa nayo. La tatu lilikuwa na dozi moja. Nyingine zingeletwa na basi la asubuhi. Kabla ya adhana ya isha, shangazi alikuwa ameshachomwa.

Beatrisi akamketisha Semeni karibu yake. "Haya, uliza linalokusumbua."

"Mtoto ataenea vipi kwenye chupa?"

Hata shangazi alitabasamu. "Hakai humo," Beatrisi alisema. "Kila mwanamke ana mayai yake mwilini, madogo mno, si kama ya kuku. Mirija ya shangazi yako imeziba, kwa hiyo yai halikutani na mbegu ya mumewe. Sindano hizi huyakomaza mayai. Daktari huyatoa, huyakutanisha na mbegu kwenye kisahani cha maabara, na baada ya siku chache yai lililoungana na mbegu humrudishia mama tumboni. Miezi yote inayofuata mtoto hukaa humo, kama ulivyokaa wewe."

"Na kitovu?"

"Anacho!"

"Nani aliyebuni mambo hayo?"

"Watafiti wengi. Kwa wanyama walifanikiwa kwanza kwa sungura. Kisha Waingereza wakahangaika miaka mingi kuwasaidia wanawake, wakashindwa zaidi ya mara mia. Walichekwa, wakalaumiwa. Mwaka 1978 akazaliwa mtoto wa kwanza wa njia hiyo, msichana. Leo naye ni mama, na watoto kama yeye ni mamilioni."

"Waliwezaje, kama walishindwa mara zote hizo?"

"Walipokosa, waliandika wamekosa wapi. Ukificha kosa, na mwenzako atalirudia."

Wiki kadhaa baada ya shangazi kwenda Dar es Salaam, simu ya mama iliita. Mimba ilikuwa imeshika. Mama alilia na kucheka kwa pamoja, kisha akampa Semeni simu.

"Mwanangu," shangazi alisema, "siku ile nilikukasirikia, nisikufiche. Lakini ungenyamaza, ningechomwa dawa iliyokufa, na tusingejua kamwe kwa nini tumekosa. Ukikosea, sema mapema, wakati bado kuna la kufanya. Na usilolielewa, muulize anayelijua."

"Ndiyo, shangazi," Semeni alijibu.