Macho ya Mzee Asukile

Ndugu zangu wa milimani, ninyi mnaopenda kusema "tusubiri mkubwa aje," sogeeni karibu. Nitawasimulia ya jirani yangu, Mzee Asukile wa hapa Rungwe, na mkinikasirikia mwishoni, basi.

Ilikuwa mwaka 1954, jioni tulivu ya baridi. Ng'ombe walikuwa wamerudi na mzee ameketi barazani akichambua kahawa. Nilipita kuomba moto, nikashangaa kuona punje nzuri anazimwaga chini, pembeni kabisa ya ungo.

"Mzee, leo ungo umekukosea nini?" nilimtania.

Hakucheka. "Jirani, pembeni kote kumeziba. Naona katikati tu, kama mtu anayechungulia ndani ya mwanzi."

Mganga wa misheni alimpima, akasema ugonjwa ule unataka operesheni, na ya namna ile haifanyiki huku kwetu. "Operesheni inaokoa kilichobaki," alituonya, "hairudishi kilichokwenda. Fanyeni haraka."

Bahati ilikuwepo. Isakwisa, mtoto wake mdogo, alikuwa mwaka wa tatu kwenye migodi ya shaba kule Kitwe, Rhodesia ya Kaskazini. Habari zilipomfikia alijibu mara moja: daktari wa macho yupo, ameshazungumza naye, nauli na gharama zote ni juu yake. Mleteni baba tu! Mzee alifurahi, wala si kwa ajili ya macho peke yake.

"Namtamani Isakwisa," aliniambia. "Aliondoka hana ndevu. Wanasema sasa anazo. Nikimwona mara moja tu, inatosha."

Lakini Isakwisa mwenyewe alifungwa na mkataba wa mgodi; sasa nani ampeleke? Mtoto mkubwa, Saulo, alikuwa na duka Iringa mjini. Akatuma neno: "Mtu asimguse baba mpaka nije. Mimi ndiye mkubwa." Halafu hakuja. Kwanza barabara ilikuwa imeharibiwa na mvua. Kisha mkewe akajifungua. Kisha anaezeka nyumba kwa bati. Kila sababu ilikuwa ya kweli, na hilo ndilo linaloniudhi mpaka leo. Uongo tungeukamata mapema.

Pale nyumbani aliishi Tusajigwe, mke wa Isakwisa. Asiyejua mila yetu ya Kinyakyusa nimweleze: mkamwana na baba mkwe hawatazamani, wala hawasemezani. Wakikutana njiani, mmoja hujibanza migombani. Hata sisi wa kanisani wengi tuliishika. Tusajigwe alikuwa akiweka chakula mlangoni, anarudi nyuma ya nyumba, halafu anasema kwa sauti, "We kuku, mwambie mwenye nyumba ndizi zinapoa!" Na mzee humjibu kuku, "Mwambie aliyepika, ndaga, nashukuru." Tulicheka, lakini ilikuwa heshima, na ilikuwa nzuri.

Saulo alikuja Krismasi. Tusajigwe akapiga magoti mbele ya ukoo, amejifunika khanga na kumpa mzee mgongo.

"Shemeji, niruhusuni nimpeleke mimi."

"Wewe?" Saulo aliruka. "Mkamwana aongozane na mkwewe mpaka Rhodesia? Watu watatutemea mate! Sema tu unamtamani mumeo."

Watu wakacheka. Nilidhani mama yule atainama kwa aibu. Hakuinama.

"Ninamtamani, shemeji. Kila nikisikia lori linapanda mlima, moyo wangu unatangulia barabarani. Lakini macho ya mzee yana kosa gani kwenye hamu yangu?"

"Baba mwenyewe aseme," alijibu Saulo.

Wote tukamgeukia mzee. Kinywa kilimcheza kidogo, kisha akaona haya, akanyamaza. Ndugu zangu, ule unyamavu tuliuita adabu. Saulo akaahidi kurudi baada ya mavuno, akapanda gari kwenda zake Iringa.

Mavuno yakaja, yakapita. Mzee aliacha kwenda kanisani, kisha akaacha kwenda zizini. Mwezi wa nane alijikwaa akaangukia jikoni motoni, akaungua mkono. Siku ile, jua likianza kuzama, tukamsikia akipaza sauti: "We kuku! Mwambie aliyepika afunge mizigo. Saulo atatukuta tumekwenda."

Wakaondoka. Tusajigwe alijifunika khanga kichwani, akatangulia bila kugeuka, ameshika ncha moja ya fimbo na mzee ameshika nyingine. Kutoka Mbeya walipanda lori hadi Tunduma, wakaendelea hivyo hivyo hadi Kitwe. Waliyoyakuta huko alinisimulia Isakwisa mwenyewe.

Isakwisa aliwapokea kituoni. Mzee akampapasa uso kwa mkono wake wa kovu. "Kweli ndevu unazo," alisema. "Subiri nipone, nizione." Tusajigwe alisimama pembeni akimwangalia mumewe, machozi yakimtoka.

Daktari alimulika macho yale kwa muda mrefu. "La kulia limekufa," alimwambia Isakwisa. "La kushoto limebakiwa na uzi tu, na uzi huo unaweza kukatika hata nikijaribu. Mwaka jana mngenikuta na kazi rahisi." Wakakubali ajaribu.

Siku ya kufungua bandeji, Isakwisa alikaa mbele ya baba yake, amevaa shati jipya, amechana ndevu. Muuguzi akazungusha kitambaa mpaka kikaisha. Mzee akakaa wima, uso umeelekea mbele, anatabasamu.

"Mbona hamfungui?" aliuliza.

Alinyoosha mkono akajigusa macho, akaelewa. Akalia, na mwanawe akalia. Baadaye akasema, "Mkamwana wangu yuko wapi? Mwanangu, njoo ukae karibu. Sasa hakuna macho ya kuogopa."

"Tata, baba yangu, niko hapa," Tusajigwe alijibu, mara ya kwanza tangu aolewe.

Mkataba wa Isakwisa ulipoisha walirudi wote watatu. Saulo alikuja Krismasi, na suti yake, na zawadi nyingi. Alisimama uani mbele ya baba yake. Mzee alisikia viatu.

"Karibu, mgeni," alisema kwa upole. "Ni nani mwenzetu?"

Saulo aliweka zawadi chini, akainamisha kichwa. Aliyejibu ni Tusajigwe, ameketi pale pale ubavuni kwa mzee.

"Tata, ni mkubwa wako. Amefika."

FUNZO

Ukubwa katika ukoo ni kutangulia kubeba mzigo, si kuwazuia walio tayari kuubeba. Mila ya heshima ni njema, lakini tukiifanya sababu ya kumwacha mgonjwa, tumeitukana sisi wenyewe. Na mgonjwa naye aseme. Kuona haya hakumponyi mtu. Wahenga walisema ngoja ngoja huumiza matumbo. Sisi wa Rungwe tumeona kuwa inapofusha pia. Kama nyumbani kwako kuna mtu anayesubiri kupelekwa, mpeleke leo, na mkubwa atawakuta njiani.